Mtende Katika Sarafu za Uyahudi wa Kale



Waliosoma Injili wanamkumbuka mjane maskini aliyetia sarafu mbili ndogo katika sanduku la Hekalu. Sarafu ndogo za shaba za zamani hizo, nyingine hazizidi ukucha wa kidole gumba, huonekana hata leo katika udongo wa Yerusalemu, nazo zina maneno ya kusomwa.

Yohana Hirkano, aliyetawala Uyahudi tangu mwaka 134 hata 104 kabla ya Kristo, aliandika juu ya zake: "Yehohanani Kuhani Mkuu na baraza la Wayahudi". Sura yake haimo, kwa maana Torati ilikataza sanamu. Maneno yamezungukwa na shada la majani, na upande wa pili zipo pembe mbili zilizojaa neema ya shamba. Herufi nazo ni za Kiebrania cha mababu, ambazo watu hawakuzitumia tena katika barua zao za kila siku. Herode Mkuu, aliyekuja baadaye, aliandika zake kwa Kiyunani tu.

Mwaka 66 baada ya Kristo Wayahudi waliwaasi Warumi. Katika mwaka wa pili wa vita sarafu ya shaba ilikuwa na jani la mzabibu na maneno "Uhuru wa Sayuni". Katika mwaka wa nne, Warumi walipokwisha kutwaa karibu nchi yote, maneno yaligeuka: "Kwa ukombozi wa Sayuni". Kwa maoni yangu badiliko hilo si dogo. Mwenye uhuru husema anao, ukombozi hungojewa. Palichorwa pia mtende katikati ya vikapu viwili vya tende.

Mwaka 70 Hekalu lilichomwa moto. Kaisari Vespasiano akautwaa mtende na kuutia katika sarafu zake mwenyewe, na chini yake ameketi mwanamke anayelia. Maneno yake ni ya Kilatini: "Uyahudi imetekwa".

Wayahudi waliasi tena mwaka 132, chini ya Simoni Bar Kokhba. Walizichukua sarafu za Warumi wakazipiga chapa upya, mtende ukarudi, na pamoja nao maneno "Kwa uhuru wa Yerusalemu". Vita vile vilikwisha mwaka 135 kwa kushindwa kwao. Lakini chapa yao haikufuta yote iliyokuwapo kwanza, na ukiigeuza sarafu moja moja kwenye mwanga, waweza kuona bado uso wa Kaisari chini ya mapambo ya Wayahudi.