Mtu Asiye na Mwajiri Ataaminiwa na Nani?

(Hotuba ya Mweka Hazina wa tawi mbele ya wanachama, Wamagana, Tetu)



Nimeombwa niseme habari za kadi ya mkopo ya benki, na namna mtu anayejiajiri awezavyo kuipata. Nikitazama humu ndani naona mafundi chuma, washonaji, waashi, madereva wenye gari moja, akina mama wauza maziwa, na wengine waliokuwa na mshahara mpaka kazi ikaisha. Zamani mkutano wa chama ulikuwa mkutano wa watu wenye mwajiri. Leo nusu ya maswali yanayoletwa ofisini kwetu ni ya watu wasio na mwajiri, na chama hakiwezi kuwaambia kwamba hayo si mambo yake.

Kwanza tuelewane juu ya kadi yenyewe, maana wengi huchanganya. Kadi mnayoingiza kwenye mashine pale mjini Nyeri mkatoa fedha si kadi ya mkopo. Ile hutoa fedha yenu wenyewe, na ikiwa hamna kitu hamtoki na kitu. Kadi ya mkopo hununua kwa fedha ya benki. Benki hukuwekea kiasi usichoweza kukipita, ukanunua, na mwisho wa mwezi ikakuletea hesabu. Ukilipa yote kwa siku waliyoandika hulipi riba. Ukilipa kidogo tu, kile kima cha chini wanachokitaja, riba huanza kula. Tena ukiitumia kutoa fedha taslimu kwenye mashine, riba huanza siku ile ile, na ada juu yake. Jambo hili limewaumiza watu wengi kuliko jingine lolote la kadi.

Sasa kwa nini benki humpa kadi karani wa mshahara mdogo, ikamnyima fundi anayepata mara mbili yake? Fundi mmoja wa upande huu, jina lake nalihifadhi, alipata kazi ya kutengeneza madawati ya shule. Shule ilikubali kulipa, lakini baada ya siku 60. Vyuma na mbao vilitakiwa mara moja, shilingi 40,000. Akaenda benki moja, nayo sitaitaja. Akaulizwa karatasi ya mshahara. Akasema hana, maana yeye ndiye mwenye kazi. Akaulizwa barua ya mwajiri. Akajibu kwamba mwajiri ndiye huyu aliyeketi mbele yenu. Wakacheka kidogo, wakamwambia arudi siku nyingine.

Wenzangu, msidhani benki inapenda karatasi ile kwa uzuri wake. Inapenda mkato. Mwenye mshahara hukatwa deni kabla hajaiona fedha. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inasema makato yote yasizidi theluthi mbili za mshahara, kwa hiyo benki hujua tangu mwanzo ni kiasi gani itachukua na lini. Chama chetu chenyewe kinaufahamu utamu wa mkato, kwa sababu ada ya wanachama wetu walioajiriwa hukatwa kwa njia hiyo hiyo. Basi anayejiajiri hana mtu wa kumkata. Hilo ndilo wanaloliogopa.

Na mambo haya si mapya katika nchi yetu. Babu zetu walivaa kipande shingoni baada ya vita vya kwanza vya dunia, na ndani yake mliandikwa mwajiri na mshahara. Asiye na kipande hakuwa mtu. Mwaka 1948 serikali ya kikoloni ilitunga sheria ya kuzuia Waafrika kukopeshwa. Mwenye duka aliyemkopesha Mwafrika zaidi ya shilingi 200 bila idhini ya serikali hakuweza kumdai mahakamani. Walisema ni kutulinda. Kwa kweli mwenye duka wa Kiafrika alibaki akinunua kwa fedha mkononi, na wenzake wa makabila mengine wakijaza maduka yao kwa mkopo. Ukaja mpango wa Swynnerton wa mwaka 1954, mashamba yakaunganishwa, na hati za ardhi zikatolewa, na sababu moja iliyotajwa ni kwamba mkulima apate kukopa kwa hati yake. Nyeri ilikuwa mbele katika kazi hiyo, wakati wa Hali ya Hatari, watu wakiwa wamefungiwa vijijini.

Lakini hati iliandikwa jina la nani? La baba. Mpaka leo shamba la Tetu huwa na hati moja na watoto watano. Kijana fundi hawezi kuipeleka, na mke hana jina lake humo. Hata baba mwenyewe, akitaka kuweka shamba la kilimo dhamana, hapana budi apite kwa bodi ya ardhi chini ya sheria ya mwaka 1967, na sheria za ardhi za mwaka 2012 zinataka mke akubali ikiwa ndipo nyumba ya jamaa ilipo. Mimi naona ni vyema kuwa hivyo. Kuuzwa kwa shamba kwa sababu ya madawati ya shule ni msiba.

Na Tetu yetu imewahi kutoa ushahidi juu ya nani anayestahili kuaminiwa. Mwaka 1971 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Nairobi, miongoni mwao Joseph Ascroft na Niels Röling, walifanya kazi hapa. Waliona kwamba maafisa wa kilimo huwatembelea wakulima waliokwisha endelea, na msaada huenda kwa wenye nacho. Basi wao wakachagua wale waliosahauliwa, wakawafundisha kwenye chuo cha wakulima, wakawapa mbegu ya mahindi ya haibridi na mbolea kwa mkopo mdogo. Karibu wote walipanda. Watu waliodhaniwa ni wazito hawakuwa wazito, ila hapakuwa na aliyewafikia. Nashangaa jambo hili halisemwi sana katika wilaya yake lenyewe.

Basi tufanye nini? Nitasema yale ninayoyajua kwa hesabu.

Fedha isiyopita benki au kwenye simu, machoni pa benki haikupatikana. Fundi yule alikuwa akipokea fedha mkononi, analipa vibarua mkononi, ananunua chakula, na inayobaki iko chini ya godoro. Karani wa benki ataona nini? Hataona kitu. Fungueni akaunti ya kazi mbali na ya nyumbani. Mapato yote yaingie humo kwanza, hata kama yatatoka kesho yake. Kisha jilipeni mshahara. Ndiyo, mtu ajilipe, kiasi kile kile, tarehe ile ile kila mwezi, kutoka akaunti ya kazi kwenda ya nyumbani. Benki hutazama miezi 6, na nyingine 12. Ikiona kitu kinachorudi kila mwezi hutulia moyo. Ikiona 90,000 Januari na sufuri mpaka Aprili huogopa, ingawa jumla ni kubwa.

Wenye namba ya kupokea malipo kwa M-Pesa mna karatasi nzuri sana mikononi, nanyi hamjui. Taarifa ya miezi yote huweza kuitishwa kwa simu, ikaletwa kwa barua pepe. Mama wa maziwa anayelipwa na hoteli kwa simu kila wiki anao ushahidi kuliko mwanamume mwenye duka linalopokea noti. Wakulima wa chai wanaopeleka majani Gathuthi wana malipo ya kila mwezi na bonasi ya mwaka kupitia benki au ushirika, na hayo pia huhesabiwa. Mkulima wa kahawa ana taabu zaidi, maana fedha yake huja kwa msimu, naye afanye bidii kuweka kidogo kidogo katika miezi mikavu.

Sasa jambo la kodi, nalo nitalisema wazi ingawa halipendezi. Wengi wenu mna PIN ya KRA, na kila Juni, kabla ya tarehe 30, mnamlipa kijana wa saiba mia mbili awapelekee hesabu ya sufuri. Halafu mnakwenda benki mkisema mnapata elfu sitini kwa mwezi. Karani akiitaka hati ya kodi, inasema hamkupata hata senti. Ni lipi la kweli? Mwenye mauzo ya zaidi ya milioni 1 kwa mwaka na yasiyozidi milioni 25 hulipa kodi ya 3 kwa mia ya mauzo tangu Julai 2023. Aliye chini ya hapo halipi kodi hiyo ya mauzo, lakini bado ana hesabu ya mapato ya kupeleka. Iwe hesabu ya kweli. Kibali cha biashara cha kaunti kiwe cha mwaka huu, na jina lililo kwenye kibali liwe lile lile la akaunti. Mtu mmoja alikataliwa kwa sababu kibali kilikuwa jina la shemeji.

Tena iko CRB. Ofisi hizi zilianza kupewa leseni mwaka 2010, nazo huandika nani alikopa na nani alilipa. Vijana wengi walichafuka kwa mikopo midogo ya simu, mia tano hapa, mia saba pale. Tangu kanuni za mwaka 2020 deni lililo chini ya shilingi 1,000 haliandikwi kwa ubaya. Mna haki ya kupata taarifa yenu bure mara moja kwa mwaka. Itakeni kabla hamjakwenda benki, si baada ya kukataliwa. Na mkikataliwa, ulizeni kwa adabu lakini kwa uthabiti: je, ni kwa ajili ya taarifa ya CRB? Ikiwa kuna kosa, mnaweza kuidai ofisi hiyo irekebishe.

Kwa yule ambaye hana historia yoyote, iko kadi inayotolewa juu ya amana. Unaweka fedha yako benki, wanaifunga, wanakupa kadi ya kiasi kinachokaribia hicho. Mtu atasema, sasa nakopeshwa fedha yangu mwenyewe? Ndivyo. Lakini unanunua sifa. Ukilipa kwa wakati mwaka mzima, unaweza kurudi kuomba kadi isiyofungiwa amana ukiwa na ushahidi. Sheria ya mwaka 2017 ya dhamana ya mali inayohamishika nayo imefungua mlango mwingine, kwamba ng'ombe wa maziwa, mashine ya kuchomelea, hata fedha unazowadai wateja, vinaweza kuandikishwa kuwa dhamana ya mkopo. Benki nyingi bado hazina hamu na ng'ombe. Lakini sheria ipo, na mtu aitaje.

Turudi kwa fundi wetu na 40,000 zake. Alikopa kwa simu. Mkopo wa M-Shwari ulipoanza Novemba 2012 ada yake ilikuwa 7.5 kwa mia kwa siku 30. Tuchukue kiasi hicho: siku 60 ni 3,000 mara mbili, jumla 6,000. Kwa kadi yenye riba ya 3 kwa mia kwa mwezi, angelipa kama 2,400 akichelewa miezi miwili, na kama shule ingelipa ndani ya siku za bure asingelipa riba kabisa. Kwa SACCO inayotoza 1 kwa mia kwa mwezi, isingezidi 800. Mfuko wa Hustler, uliofunguliwa tarehe 30 Novemba 2022, hutoza 8 kwa mia kwa mwaka, lakini muda wake ni siku 14, na wengi huanza na shilingi 500. Vyuma havinunuliwi kwa mia tano.

Kwa hiyo maoni yangu ni haya, na Mwenyekiti atanisamehe kwa kuwa niliombwa kuisifu kadi. SACCO kwanza, kadi baadaye. Kadi inamfaa mtu ambaye fedha yake inakuja kwa hakika ila inachelewa siku chache, na duka analonunua linapokea kadi. Maduka mengi ya vifaa hapa Wamagana hayapokei, ila ya mjini. Aliye na deni la kulipia karo asiguse kadi. Riba ya 3 kwa mia kwa mwezi, ikiachwa ijizalie, hupita 42 kwa mia kwa mwaka. Lakini aliyekwisha jenga daftari lake asikubali kuambiwa arudi siku nyingine kwa sababu tu hana mwajiri. Hiyo ni dharau, nasi chama tumekubaliana kuandikia matawi ya benki mjini Nyeri, tukiuliza kila moja wanataka nini hasa kwa mtu anayejiajiri, na majibu yao yatapigwa chapa katika gazeti hili pamoja na majina ya benki zisizojibu.

Kuanzia Jumamosi ijayo, saa 3 asubuhi, karani wa tawi atakuwa hapa na meza. Njooni na kitambulisho, taarifa ya benki au ya simu ya miezi 6, PIN, na kibali cha kaunti. Atawasaidia kuitisha taarifa ya CRB na kupanga hesabu katika daftari moja. Hakuna ada kwa mwanachama aliyelipa. Msije na hati za shamba, tafadhali, ziacheni nyumbani.

Naona mzee wa Ihururu ameinua mkono tangu nilipotaja ng'ombe. Karibu, Mzee, uliza.