Zaidi ya "Nafasi ya Mwanamke": Uhakiki wa Kifeministi katika Madarasa ya Nachingwea na Ruangwa

Ndugu walimu wa Kiswahili,

Swali la nafasi ya mwanamke limetungwa mara nyingi mno, hata wanafunzi wetu wanalijua jibu kabla ya kufungua kitabu. Amechorwa kama mlezi, kama mshauri, kama chombo cha starehe, kama mwanamapinduzi. Kila hoja inapewa mfano, alama zinapatikana. Nasema wazi kwamba orodha hiyo si uhakiki wa kifeministi. Inataja sura za mwanamke bila kuuliza nani amezichora, nani anasimulia, na nani anaumia ili kisa kiende mbele.

Chukueni tamthiliya ya Ngoswe ya Edwin Semzaba. Darasani tunamlaumu karani wa sensa, tunasikitikia karatasi zilizoungua, basi. Tunauliza taifa limepoteza nini. Hatuulizi Mazoea, msichana aliyependwa na karani huyo, amepoteza nini. Katika Rosa Mistika (1971), riwaya ya Kezilahabi iliyowahi kuzuiwa shuleni, mwanafunzi huandika "malezi mabaya" kisha akageuza ukurasa. Lakini Rosa anapigwa na baba yake, Zakaria, kwa sababu ya barua, anatumiwa na wanaume wenye vyeo, na mwisho anakataliwa kwa kukosa ubikira ambao hakuna mwanamume hata mmoja kitabuni anayedaiwa mfano wake. Hapo ndipo pa kusimama na darasa, hata kama kipindi kizima kitaishia hapo.

Kate Millett wa Marekani alianza hivyo mwaka 1970, akiwasoma upya waandishi wanaume. Elaine Showalter akahimiza tuwasome wanawake wenyewe kama watunzi. Sisi tunaye Penina Muhando, ambaye katika Nguzo Mama (1982) amempa mwanamke, Bi Msimulizi, kazi ya kusimulia, na hakuwadanganya wasomaji: wanawake wa kijiji cha Patata wanashindwa kuisimamisha nguzo.

Hata hivyo, nadharia iliyoshonwa kwingine haitukai vizuri bila kupunguzwa na kuongezwa. Wamwera wa wilaya zetu mbili, Nachingwea na Ruangwa, kwa asili huhesabu ukoo kwa mama. Anayesema kwamba "mfumo dume" ulikuwa wa namna moja kila mahali hajakaa na wazee wa huku. Wala tusijisifu haraka: ukoo ukiwa wa mama, sauti ya mwisho mara nyingi ilikuwa ya mjomba. Mhakiki wa Nachingwea anapaswa kuyashika yote mawili pamoja.

Kubwa zaidi ni unyago, mafunzo ya jadi ya wasichana, ambayo utunzi wake hatujauhesabu kuwa fasihi. Mwana Kupona wa Pate alimtungia binti yake utendi mwaka 1858, ukaandikwa kwa hati ya Kiarabu, na leo unasomwa vyuo vikuu. Kungwi wa Kimwera naye humfunda mwali kwa nyimbo, kwa mafumbo, kwa ngoma. Wanawake ndio watunzi, ndio waimbaji, ndio wanaoamua wimbo upi umekaa sawa. Kazi ya Mwana Kupona tumeiita fasihi. Ya kungwi tumeiita mila, tukaikabidhi kwa maofisa maendeleo ya jamii. Huo ni upungufu wa uhakiki wetu, na unawanyima wanawake wa hapa jina la utunzi.

Kuziita fasihi si kuzitukuza zote. Zipo nyimbo zinazomfundisha binti kujijua na kujilinda, na zipo zinazomtaka avumilie asichopaswa kuvumilia. Utendi wa Mwana Kupona pia umegawanya wahakiki: wako wanaosoma utii, wako wanaosoma hekima ya mjane anayempa mwanawe silaha za wakati wake. Mabishano ya namna hiyo ndiyo ninayoyataka kuhusu nyimbo za huku.

Naomba jambo moja. Muhula ujao, waacheni wanafunzi wa kike wakawaulize bibi zao nyimbo zinazoruhusiwa kusikika hadharani, waziandike pamoja na majina ya watunzi pale wanapojulikana na kukubali kutajwa, kisha darasa lizihakiki kama linavyohakiki diwani. Za siri zibaki kwa wenyewe. Sisi walimu wanaume tusizidai.