Afya ya Rubani na Usalama wa Walio Chini

Wasikilizaji wakaao Kibera hawana haja ya kuelezwa eropleni ni kitu gani. Uwanja wa Wilson uko ng'ambo ya Barabara ya Lang'ata, na tangu alfajiri ndege ndogo hupaa na kutua karibu nao. Wa Kawangware wako mbali kidogo, lakini nao huisikia ngurumo hiyo. Ndani ya ndege hizo wamo watalii, wamo pia wagonjwa wanaochukuliwa na madaktari wa AMREF, ambao kazi yao ya kuruka ilianza mwaka 1957. Kwa hiyo habari ya kupimwa afya kwa marubani yawahusu hata wale ambao hawajapata kukata tikiti ya ndege maishani mwao.

Wako wasemao kwamba amri hizo ni usumbufu mtupu. Mtu mwenye nguvu, aijuaye kazi yake, kwa nini aitwe kwa daktari kila mara? Kanuni za Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga, ambalo Kenya ni mwanachama wake, zataka rubani achukuaye abiria kwa malipo apimwe kila miezi 12. Na akitimiza miaka 40 naye huruka bila rubani wa pili, kila miezi 6. Hupimwa macho, masikio na moyo, tena huulizwa juu ya hali ya akili yake. Redio ikinyamaza, mnara humwonyesha taa nyekundu au ya kijani. Asiyeweza kupambanua rangi hizo atafanya nini? Wilson yenyewe iko zaidi ya mita 1,600 juu ya bahari, na ndege ivukayo milima ya Nyandarua hupanda juu zaidi, penye hewa nyepesi. Upungufu wa damu usiomsumbua mtu sokoni waweza kumpumbaza huko.

Hata hivyo, kipimo hakioni yote. Mwaka 1972, karibu na London, ndege ilianguka punde baada ya kuruka, wakafa wote 118. Rubani mkuu alikuwa na ugonjwa wa moyo ambao vipimo vya leseni yake havikuufichua.

Baya zaidi ni ugonjwa unaofichwa. Tarehe 24 Machi 2015 rubani msaidizi wa Germanwings aliiangusha ndege kwa makusudi katika milima ya Ufaransa, wakafa watu 150. Madaktari walikuwa wamemwandikia kwamba hafai kwenda kazini. Yeye akawaficha waajiri wake.

Kibarua wa Kawangware aelewa jambo hili upesi. Asubuhi ana homa, lakini akisema hivyo atachukuliwa mwingine, na jioni watoto watalala njaa. Basi hunyamaza, akabeba mawe. Rubani naye akijua kwamba kukiri ugonjwa ni kupoteza leseni na mshahara pamoja, atashawishika kunyamaza vivyo hivyo, nayo kanuni yamtaka asiruke akijiona hafai, hata kama cheti chake hakijaisha. Ulaya, tangu mwaka 2021, makampuni ya ndege za abiria yamelazimishwa kuwa na mpango wa kuwasaidia marubani wenye shida, ambamo rubani aweza kumweleza rubani mwenzake kwa siri. Kampuni ndogo yenye marubani wachache yaweza angalau kumlipa siku yake yule aliyesema, kabla ya kupanda, kwamba leo hawezi.