Kipimo cha Betri na Kijana Tuliyemshuku

(Mazungumzo na kamati ya gari la huduma)



Wapendwa, mnalijua gari letu: kitanda nyuma, meza, taa na spika, tunalokwenda nalo Kayole, Dandora na Umoja kwa semina za afya. Mnajua pia ile betri ya pili, ya ampea-saa 100, inayoendesha vitu vya nyuma ili ya injini isiguswe. Na mnakumbuka ilivyokuwa ikizimika kila Ijumaa jioni, watu wameshakaa, muuguzi ameshika maikrofoni.

Tulimshuku nani? Yule kijana anayelala ndani ya gari kulilinda. Tulisema usiku anatazama mpira. Tukamsimamisha wiki tatu bila posho, na sahihi ni yangu. Mamake alikuja ofisini akakaa tu, hakusema neno.

Ni fundi mmoja wa Kariobangi aliyetuambia tunahukumu bila kupima.

Tulikuwa na mita ya volti, ndiyo. Inasaidia, lakini huweza kukudanganya. Betri iliyopumzika saa kadhaa ikionyesha 12.7 imejaa, 12.2 ni nusu hivi. Ila ukiitoa kwenye chaja sasa hivi itajigamba, na ukiwasha spika itaonekana mgonjwa. Kipimo tulichohitaji ni kile kinachohesabu umeme unaoingia na unaotoka, kama mweka hazina. Kina kipande cha chuma kiitwacho shanti, ambacho umeme wote hupitia.

Kukifunga si kazi ngumu. Toa kwanza waya wa hasi, spana isije ikagusa bodi na kutoa cheche. Shanti hukaa upande huo wa hasi: huku betri, kule waya nyingine zote, pamoja na ule wa bodi. Hapa ndipo watu hukosea. Ukiacha hata waya mmoja umefungwa moja kwa moja kwenye betri, kipimo hakiuoni; ni kama mwanachama anayekopa bila kuandikwa. Waya mwembamba mwekundu huenda chanya, na fyuzi iwe karibu na betri. Halafu kiambie kipimo kwamba betri ni ya 100, ichaji mpaka ijae, ndipo uweke asilimia 100.

Jumapili jioni tulizima kila kitu, hakuna aliyelala ndani. Kipimo kikaonyesha nusu ampea bado inatoka! Ilikuwa amplifaya. Tulidhani imezimwa, kumbe imesinzia tu. Hebu pigeni hesabu: nusu ampea kwa saa 24 ni ampea-saa 12. Gari likisimama Jumapili hadi Ijumaa, siku 5, ni 60. Na betri hizi za risasi na asidi hazifai kushushwa chini ya nusu mara kwa mara, zinakufa mapema. Tumeshaua mbili hivyo, na zote zilikuwa pesa za harambee.

Fundi ameweka swichi ya kukata umeme wa nyuma wote. Kijana amerudi, na posho ya wiki tatu tumemlipa. Jumanne nilikwenda kwao kumwomba msamaha, yeye na mamake.

Sasa naomba kamati ikubali jambo moja. Kila jioni na kila asubuhi namba ya kipimo iandikwe daftarini, na mwenye zamu atie sahihi pamoja na mlinzi. Ni yeye mwenyewe aliyeniomba nilete ombi hili.