Umeme Umerudi, Mtandao Haujarudi

Hotuba iliyotolewa Kileo mbele ya wanafunzi wa zamani na wa sasa



Nimeombwa niseme machache kuhusu kompyuta. Sitagusa mambo makubwa ya akili bandia, maana wasemaji wake ni wengi na wana sauti kuliko mimi. Nitasema juu ya jambo dogo linalowasumbua wananchi karibu kila umeme unapokatika na kurudi. Kompyuta inawaka vizuri, kioo kinaonyesha picha yake ya kila siku, lakini mtandao hauji. Hapo mwananchi aliyepanda gari alfajiri huambiwa maneno matatu, “Mtandao uko chini”, naye hugeuka akarudi kwao.

Ndugu zangu, jibu hilo halijasema kitu. Uko chini wapi? Baharini? Kwenye nguzo? Au ndani ya kasha lile lililo chini ya meza ya huyo huyo anayejibu?

Mtakumbuka kuwa tarehe 12 Mei, 2024, ilikuwa Jumapili, mikongo miwili ya baharini, EASSy na Seacom, ilikatika, na nchi yetu ikawa miongoni mwa zile zilizokosa intaneti. Hilo lilikuwa tatizo la kweli, na hapakuwa na karani yeyote wa bara ambaye angeweza kulitengeneza. Lakini katika ofisi moja ninayoifahamu, ambayo sitaitaja, umeme nao ulikuwa umekatika siku hizo hizo. Uliporudi, seva ndogo inayotunza majalada ya wananchi haikuonekana tena kwenye kompyuta za madirishani. Tangazo likabandikwa mlangoni kwamba mkongo umekatika. Intaneti ikarudi nchini, tangazo likabaki. Mzee mmoja wa huku tambarare alikuja mara tatu kutafuta nakala ya hati ya shamba lake, na mara zote tatu alielezwa habari za bahari. Kumbe jalada lake lilikuwa ndani ya seva ile, hatua kumi kutoka dirishani, na waya uliokuwa ukihitajika haukuvuka hata ukuta wa pili.

Kilichotokea ni hiki. Wiki kadhaa kabla yake fundi alikuwa ameongeza kadi ya pili ya mtandao katika seva ile. Seva ilitumia Linux, ambayo tangu mwaka 2013 aina zake nyingi zimezoea kuipa kadi jina kwa kufuata mahali ilipochomekwa. Kwa kuongezwa kadi mpya, ile ya zamani iliyoitwa enp3s0 ikahesabiwa upya na kuitwa enp4s0. Faili la maagizo liliendelea kutaja jina la kwanza. Fundi alipoona mtandao haupandi aliandika amri kwa mkono, ukapanda, akaondoka zake. Sisi watumishi wa Serikali tunalielewa jambo hili kuliko watu wengine: alikaimishwa kwa mdomo bila barua. Kazi ilikwenda, hadi siku ofisi ilipofungwa na kufunguliwa upya, na hakuna aliyemtambua. Amri inayotolewa kwa mkono hufa pamoja na umeme. Iliyoandikwa kwenye faili ndiyo husomwa kila mtambo unapowaka.

Dawa yake ilikuwa kubadili tarakimu moja. Wakati mwingine jina ni sahihi, ila limekosekana neno “auto” mbele yake katika faili la /etc/network/interfaces, au kwa jamaa wa Red Hat wa miaka ya nyuma pameandikwa ONBOOT=no. Dalili ni ile ile: ukiiamsha kadi mwenyewe inaamka, ukiiachia iamke yenyewe inalala.

Sasa nije kwenye sababu ya pili, ambayo kwa maoni yangu ndiyo inayodanganya watu wengi zaidi, nayo ni mfuatano. Wapare tuna ndiva zetu. Maji hukusanywa usiku, asubuhi ndiva hufunguliwa, na kila mmoja hupata zamu yake mferejini. Anayefungua mlango wa shamba lake kabla ya ndiva kufunguliwa atakuta mchanga mkavu, na akienda nyumbani kusema mto umekauka atakuwa amesema uongo bila kukusudia. Umeme unaporudi, kompyuta, swichi na ruta huamka kwa pamoja. Swichi kubwa za ofisini mara nyingi husubiri kama sekunde 30 kabla ya kupitisha chochote katika tundu, zikihakikisha kwamba waya haujazunguka na kujirudia. Kompyuta ya siku hizi huwaka upesi kuliko hapo. Inaomba anwani, haijibiwi, inakata tamaa. Programu zilizokuwa zikiitegemea nazo zinaanguka moja baada ya nyingine, na nyingi hazijaribu tena hata mtandao ukija dakika moja baadaye.

Kwenye Windows utaitambua hali hii kwa anwani inayoanza na 169.254. Anwani hiyo kompyuta imejipa yenyewe baada ya kukosa wa kuipa. Ukiiona, usihangaike na kadi wala draiva, kwa sababu kadi iko hai. Nenda ukaangalie waya, swichi na ruta. Ikiwa swichi imewaka na waya ni mzima, iombe kompyuta itafute anwani upya. Kwa seva, agiza programu zake zingoje mtandao uwe tayari kwanza, na fundi wa swichi aambiwe afute ule usubirifu kwenye matundu ya kompyuta za kawaida.

Vijana, kuna jambo moja la Windows ambalo hata wakubwa hawalijui. Tangu Windows 8 ya mwaka 2012, ukichagua kuzima, mara nyingi mtambo hauzimiki kabisa. Huweka sehemu ya kumbukumbu yake kwenye diski ili kesho uwake haraka, na kadi iliyokuwa na ugonjwa jana huamka na ugonjwa wake. Ukichagua kuwasha upya, ndipo inapoanza mwanzo kabisa. Ndiyo maana fundi hukwambia “Restart” hata kama umeizima usiku kucha.

Pia itazameni saa. Betri ndogo iliyo ndani, ile ya duara inayoandikwa CR2032, ikifa na umeme ukikatika, saa hurudi miaka mingi nyuma. Kadi itapanda na anwani itapatikana, lakini tovuti zitakataa kufunguka kwa kuwa vyeti vyake vya usalama vinaonekana havijaanza kutumika. Watu watalaumu mtandao, na kosa ni la betri ya bei ndogo.

Basi mtu akiniita leo, nauliza kwa mpangilio ule ule ambao mtambo huamkia. Je, kadi inaonekana? Amri ya ip link hujibu hilo. Ina jina gani, na je, ndilo lililoandikwa kwenye faili? Waya una uhai? Anwani imepatikana, na imetoka wapi? Penye mashaka nasoma journalctl -b, ambayo ni shajara ya mtambo tangu ulipowaka. Mahali pa kwanza palipoandikwa kushindwa ndipo pa kuanzia. Mistari inayofuata mara nyingi ni kilio cha waliokuwa wakimtegemea aliyeanguka.

Mkuu wa Shule ameniruhusu nitumie kompyuta mbili za zamani za maabara baada ya chakula. Moja nimeiharibu makusudi asubuhi ya leo, na sitasema wapi. Kidato cha tatu na cha nne waje na kalamu na daftari, simu waziache bwenini.