Niliyojifunza Topeni Kisaki

(Hotuba iliyotolewa wakati wa chakula cha jioni cha mkutano wetu)



Katibu aliponiomba nizungumze machache usiku huu, alitaka nieleze habari za mashindano ya magari. Nadhani alitarajia nisimulie ushindi. Mtanisamehe, maana nitasimulia siku niliyoshindwa.

Wengi wenu mnajua kwamba ugonjwa huu wa magari niliupata utotoni, kwa kusikiliza redio siku za Pasaka. Mashindano ya Safari yalianza mwaka 1953, yakipita Kenya, Uganda na Tanganyika, na kwa miaka mingi yalifanyika wakati wa Pasaka, masika yanapokolea. Mwaka 1966 na 1967 Bert Shankland, aliyekuwa akiishi Dar es Salaam, alishinda mara mbili mfululizo pamoja na Chris Rothwell, wakiendesha Peugeot 404. Tangu siku hizo kwangu mimi hapakuwa na gari jingine duniani. Nilipopata kazi na kuweka akiba, nilinunua 404 kuukuu.

Mwezi wa Aprili 1993, wapenzi wachache wa magari tulikubaliana kushindana Kisaki. Hatukuwa na chama wala kombe. Ulikuwa mchezo ambao Waingereza huuita otokrosi, na ambao wenzetu wa Kenya wanao hadi leo: gari huzunguka uwanjani, juu ya majani na udongo, likishindana na saa. Tulikuwa na magari sita, mapipa matupu ya kuonyesha kona, na saa moja ya mkononi. Kila dereva alikuwa na zamu mbili, na muda wake mzuri zaidi ndio uhesabiwe.

Kwa asiyeijua, Kisaki iko kusini ya Milima ya Uluguru. Kutoka Morogoro unapita Mkuyuni, Matombo na Mvuha, ndipo unafika kwenye tambarare ya Mto Mgeta. Milima ile hukinga mawingu yatokayo Bahari ya Hindi, na maji yake huteremka huko chini hata siku ambayo Kisaki kwenyewe jua linawaka. Udongo wa tambarare ni ule mweusi unaopasuka nyufa wakati wa kiangazi. Ukishiba maji huvimba, ukawa sabuni juu na gundi chini. Mwaka 1916 majeshi ya Waingereza na Wajerumani yalipigana hapo Kisaki, na masika ya 1917 yalipofika, malori yalishindwa kupita njia za kuelekea Rufiji, mizigo ikabebwa vichwani na wapagazi. Kwa hiyo siwezi kusema kwamba sikuonywa.

Mvua ilinyesha usiku kucha na asubuhi haikukoma. Mwenzangu alikuwa fundi wangu, ambaye tulilala naye bweni moja miaka minne. Sitamtaja jina, maana yumo humu ndani na hapendi kusifiwa. Kulipopambazuka alivua viatu, akakunja suruali, akauzunguka uwanja wote kwa miguu, akichoma udongo kwa fimbo. Mimi nilibaki garini nisichafuke. Aliporudi alipunguza upepo wa matairi ili yakanyage kwa upana, kisha akaniambia:

"Kona ya tatu usipite ndani. Majani yake ni mabichi kuliko mengine. Chini kuna maji. Zunguka juu, penye mkwaju."

Zamu ya kwanza nilimtii. Gari liliteleza lakini halikukwama, nikawa wa pili, sekunde tatu nyuma ya Land Rover moja. Ndugu zangu, sekunde tatu ni kitu kidogo sana, lakini siku ile zilinikosesha akili. Zamu ya pili nilipofika kona ya tatu niliuona mkwaju, nikaiona na njia fupi, nikapita ndani. Gari lilizama mpaka kwenye ekseli.

Watoto waliokuja kutazama wakakimbia kuja kusukuma, kama ilivyo desturi yetu; gari likikwama hakuna anayengoja kuombwa. Fundi wangu naye alikuja mbio akipiga kelele, "Zima injini! Zima!" Kwa miaka yote hii nimekuwa nikisema kwamba sikumsikia kwa sababu ya mvua. Nilikanyaga mafuta, maana saa ilikuwa bado inahesabu. Gari likateleza kiubavu, mtoto mmoja wa miaka kama kumi akaanguka, na gurudumu la nyuma likampita mguuni.

Tope lile lile lililonikwamisha ndilo lililomwokoa. Mguu ulididimia badala ya kuvunjika. Tulimchimbua kwa mikono, tukampeleka zahanati, akafungwa bendeji. Ulikuwa umevimba na kuchubuka vibaya, lakini mfupa ulikuwa mzima.

Siku ile mto ulijaa, tukakaa Kisaki siku mbili tukingoja njia. Nilikwenda kumwomba radhi bibi yake yule mtoto. Alinikaribisha, akanipa kigoda, akanisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza, "Sasa mwanangu, mlikuwa mnakimbilia nini?" Sikuwa na jibu, na mpaka leo sijalipata.

Tangu hapo nimeyafikiria sana mashindano ya Safari ya mwaka 1963. Yalianza magari 84, mvua na tope vikayapukutisha, yakamaliza 7 tu. Mwaka 1968 yalianza zaidi ya 90, na tena yakamaliza 7. Mara zote mbili washindi walikuwa wale wale, Nick Nowicki na Paddy Cliff, na gari lao Peugeot 404, kama langu. Bahati haichagui watu wale wale namna hiyo. Nadhani katika tope hushinda yule anayejua mahali pa kupunguza mwendo, na anayemsikiliza mwenzake aliye kando yake.

Wengi wetu humu tumewahi kushika usukani wa mambo makubwa kuliko Peugeot kuukuu. Kila mmoja wetu amekuwa na mtu aliyeutembea uwanja kwa miguu kabla yake, akarudi na tope magotini, akasema, "Usipite hapo." Mimi wangu nilimdharau kwa ajili ya sekunde tatu.

Yule mtoto sasa ni baba mwenye watoto wake, na nikipita Kisaki humtembelea. Yeye nilikwisha kumwomba radhi. Aliyebaki ni mmoja, naye amekaa meza ile ya pili. Ndugu yangu, siku ile nilikusikia. Nakuomba radhi mbele ya wenzetu wote.