KISUKARI NA MOYO WA MWENZETU
(Maneno ya Katibu wa Tawi katika mkutano wa wanaushirika)

Ndugu wanaushirika,

Leo tunaweka pembeni habari za mbolea na magunia. Tunao wenzetu humu wanaougua kisukari, na tumeona kinachowachosha siyo dawa tu. Ni moyo.

Bonde letu ni la mpunga. Msibani wali, harusini wali. Mwenzetu akichota kidogo tunapiga kelele: "Unaringa?" Safari nyingine haji. Halafu tunasema amejitenga!

Wengine wananong'ona karogwa, wengine wanaficha vikombe. Jamani, kisukari hakiambukizi. Mwili unahitaji insulini ili utumie sukari iliyomo kwenye damu. Ikikosekana, au isipofanya kazi sawasawa, sukari inajaa. Kabla ya mwaka 1922, mgonjwa wa kwanza alipodungwa insulini kule Toronto, Kanada, mtoto aliyekosa insulini mwilini hakuishi muda mrefu. Siku hizi anakua, analima, anaoa.

Lakini msimu wa shamba ni mzito kwake. Tunahamia bondeni, mbali na Ifakara na Hospitali ya Mtakatifu Fransisko, tunakaa vibandani miezi. Usiku anawaza: dawa ikiisha je? Ikiharibika kwa joto? (Chupa ya insulini ikifungwa vizuri na kuwekwa kwenye chungu cha udongo chenye maji, kivulini, hupoa.) Kusema anaogopa, asije akaitwa mvivu.

Tena akishadunga dawa akachelewa kula, huku jembe liko mkononi, sukari inashuka. Anatoka jasho, anatetemeka, anakuwa mkali, maneno yanamkorogeka. Sie tunacheka, eti kalewa asubuhi yote hii. Siyo pombe hiyo! Kama anaweza kumeza, apewe maji ya sukari upesi, kisha chakula. Akizimia asitiliwe kitu mdomoni, akimbizwe hospitali. Naye akizinduka, watoto wake wameshasikia baba yao akiitwa mlevi. Hiyo haina sindano.

Kwa hiyo tunaomba kila kikundi cha shamba kiwe na kikopo cha sukari. Mgonjwa asilazimishwe kujitangaza mkutanoni. Amwambie mmoja anayemwamini. Siku yake ya kliniki, zamu yake ya kuamia ndege ishikwe na mwingine, bila faini. Watakaoshika zamu hizo waandikishe majina kwa viongozi wa vikundi kabla ya Ijumaa.

Katibu wa Tawi